Joka Lililoitwa Changamoto

Nilipoacha kufundisha jiografia ili niandike riwaya za majoka, baba yangu hakukasirika. Baba ni mwalimu mkuu mstaafu, Mlutheri wa Buhembe, na watu wa namna hiyo hawakasiriki, wanasahihisha. Alichukua kitabu changu cha kwanza, akavaa miwani, akakaa nacho barazani siku nne na kalamu nyekundu. Aliponirudishia, ukurasa wa kwanza ulikuwa na duara kuzunguka jina la mto nilioubuni, na pembeni ameandika: "Mto huu haupo." Mbele kidogo: "Malkia anarukaje? Eleza." Mwishoni, chini ya neno la mwisho kabisa, alinipa sitini na moja kwa mia, na maoni: "Ana uwezo. Aongeze bidii."

Nimewahi kupata hakiki mbaya zaidi ya hiyo, ila si nyingi. Ili uhakikiwe inabidi kwanza usomwe.

Nchi nzima hutuita sisi Wahaya nshomile, yaani waliosoma. Hutuita hivyo kwa kejeli, nasi tuliamua zamani kuipokea kama sifa. Mtu wa kwetu hatamaliza kukusalimu kabla hujajua shule aliyosoma yeye, aliyosoma mjomba wake, na aliyokaribia kusoma marehemu babu yake. Ungedhani basi kwamba mji wenye wasomi wengi hivyo ungenunua vitabu kama unavyonunua senene, wale panzi wa kuliwa, msimu ukifika. Tatizo ni kwamba walishasoma. Wamemaliza.

Kitabu hicho kilichapwa na bwana mmoja wa mjini ambaye kazi yake kubwa ni kadi za harusi. Alinisaidia sana. Ndiye aliyeamua kwamba jalada liwe na maua mawili ya waridi, kwa kuwa tayari alikuwa nayo kwenye kompyuta. Duka pekee lililokubali kukiuza lilikuwa la daftari na vitabu vya dini, na mwenye duka, alipoona neno "joka" juu ya waridi, alikipanga kwenye rafu ya maombi ya kufungua vifungo. Kiliuzika zaidi ya nilivyotegemea. Mama mmoja alinisimamisha barabarani Bilele, mtaa ninaoishi, akaniambia amekisoma akiwa kwenye mfungo wa siku tatu, amebarikiwa, ila hakuona mahali ambapo joka linakemewa.

"Linakemewa kwenye kitabu cha pili, mama," nikamwambia.

Akanunua cha pili. Joka halikukemewa humo pia, na tangu hapo tukikutana sokoni huwa anaangalia nyanya.

Michezo ilianza kwa ubishi. Walimu watatu niliofundisha nao walikisoma kitabu, hao ndio walikuwa wasomaji wangu wote wasiofunga, wakaanza kubishana kama joka langu lingeweza kuvuka ziwa bila kupumzika. Nikachora ramani nyuma ya kalenda ili niwanyamazishe. Wakaomba kete. Nikakata kete kwenye boksi la sabuni. Wakaomba dadu, nikanyofoa za ludo ya mpwa wangu, ambaye hajanisamehe. Baada ya miezi michache tulikuwa tunakutana kwangu kila Jumamosi mchana, na mimi nikajikuta na taaluma ya pili isiyoelezeka, ubunifu wa michezo ya mezani. Mama yangu, akiulizwa kanisani mimi nafanya kazi gani siku hizi, hujibu, "Mambo ya kompyuta." Wote huitikia kwa heshima. Kompyuta yangu wakati huo ilikuwa ikijizima kila nikiandika herufi kubwa.

Habari za mbunifu wa michezo zilimfikia mratibu wa mradi mmoja uliokuwa umekuja mkoani kupambana na mnyauko wa migomba. Kwa asiyejua: mnyauko ni ugonjwa. Majani yanageuka njano na kulegea, ndizi zinaiva kabla ya wakati wake, ukizikata ndani zimeoza. Hauna dawa. Unasafiri kwa panga. Ukikata mgomba mgonjwa kisha ukakata mzima kwa panga lilelile, umeshaupanda mwenyewe. Na sisi ni watu ambao tukisema "chakula" tuna maana ya ebitoke, hizo ndizi za kupika. Vingine vyote ni vitu vya kuliwa wakati ukisubiri chakula.

Mratibu alikuja kwangu amevaa kizibao chenye mifuko kumi na kitu, yote mitupu. Alitoka Dar es Salaam, mpole, mwenye haraka.

"Dada yangu, tunataka kitu shirikishi," alisema. "Tumetoa vipeperushi, tumetoa fulana, tumezungusha gari la matangazo. Tumegundua kwamba wakulima hawasomi vipeperushi."

"Pole sana," nikamwambia. "Nina shida hiyohiyo na riwaya."

Hakucheka, aliandika. Nadhani kwenye ripoti yake kuna mahali pameandikwa kwamba riwaya nazo zilijaribiwa.

Nilifanya kazi ile mwezi mzima, na nitasema bila kujivuna kwamba ulikuwa mchezo mzuri. Ubao ulikuwa mlima wenye vibanja sita, yaani mashamba sita ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba sita, mchezaji mmoja kila kibanja. Migomba ilikuwa kadi za boksi la sabuni, zilizofunikwa. Joka liliishi chini ya udongo, halionekani, na lilihama kutoka kibanja hadi kibanja kwa njia moja tu: kadi ya panga ambayo majirani huazimana. Joka likiingia kwenye mgomba wako, unajua wewe peke yako. Unaweza kutangaza, ukaung'oa, ukapoteza chakula cha msimu huo mbele ya watu. Au unaweza kunyamaza na kutabasamu na kuendelea kuazima panga. Wengi wakinyamaza, mlima mzima unakauka na wote mmeshindwa.

Nilimwonyesha baba. Aliugeuza ubao pande zote akitafuta kosa. Akasema mlima kama huo upo.

Kisha ukapelekwa kwenye warsha. Ilikuwa ya siku mbili, kwenye ukumbi wa hoteli moja Bukoba mjini, pamoja na wadau. Sijui neno hili lilizaliwa wapi, lakini wadau ni watu ambao jambo haliwahusu na wamealikwa. Walikaa kwa makundi, wakapewa kalamu nene na karatasi kubwa za kubandika ukutani, wakauboresha mchezo wangu.

Joka ndilo lililoanza kuondoka. Mdau mmoja alisema linaweza kuleta tafsiri tofauti kwa wenzetu wa imani, na hapo nilimkumbuka mama wa mfungo nikashindwa kubisha. Joka likapewa jina jipya, likaitwa Changamoto. Changamoto ilihama kutoka kibanja hadi kibanja. Changamoto iliamka na njaa. Mdau mwingine akasema sehemu ya kunyamaza inamwonyesha mkulima kwa sura hasi, basi ikafutwa, na kila mwenye Changamoto akatakiwa kuitangaza papo hapo kwa sauti, huku wenzake wakimpigia makofi. Mwishoni, baada ya sambusa, mtu aliuliza kama kuna ulazima wa watu kushindwa. Tukaafikiana kwamba washiriki wote ni washindi.

Palikuwa na mtu mmoja tu ambaye hakupiga makofi. Alikuwa bibi shamba, yaani afisa ugani, wa kata mojawapo ya wilaya ya Muleba, msichana mwenye mabuti ya mvua, aliyekaa nyuma. Wakati wa chai aliniuliza polepole, "Dada, ule mchezo wa kwanza bado unao?" Nikamwambia ninao. Akasema, "Usiutupe."

Laiti ningesema kwamba mimi nilisimama nikatetea kazi yangu. Sikusimama. Walikuwa wananiita mtaalamu. Mtu aliyepewa sitini na moja na baba yake akiitwa mtaalamu mbele ya watu, huweza kuvumilia mengi, hata joka lake likichinjwa mezani. Nilisaini karatasi ya mahudhurio na kula sambusa ya pili.

Mchezo ulioboreshwa tulikwenda kuujaribu katika kata ya yule bibi shamba. Tulipita Kemondo asubuhi, tukapanda huko juu Muleba hadi kwenye kijiji kimoja ambako wakulima kumi na mbili walikuwa wanatusubiri ndani ya ghala la kahawa, wamevaa vizuri kana kwamba wameitwa mahakamani. Mratibu alihutubia. Kisha wakacheza Changamoto.

Ilichukua dakika ishirini. Kila mmoja alitangaza, kila mmoja alipigiwa makofi, wote wakashinda. Mwenyekiti wa kikundi alisimama akasema wamefurahi sana na wameelimika sana, kwa ile sauti ambayo watu hutumia msibani kumsifu marehemu aliyewasumbua. Wakanywa soda. Mratibu alifurahi kupita kiasi. Aliniacha pale na yule bibi shamba, akaondoka na gari kwenda kijiji cha pili kupiga picha, akisema atarudi saa kumi. Dakika chache baadaye mvua ikashuka, ile ya kwetu isiyo na mazungumzo, na wakulima waliokuwa wanataka kwenda zao wakabaki.

Tukakaa tunatazamana. Bati lilikuwa linapiga kelele. Ndipo mzee mmoja mrefu, mwenye koti la suti na kandambili, akasema:

"Huyu bibi shamba wetu anasema mlikuwa na mchezo mwingine. Wenye joka."

Nilimtazama yule msichana. Alikuwa anaangalia mabuti yake.

"Upo kwenye begi," nikasema. "Lakini haujapitishwa."

"Nasi hatujapitishwa," alisema yule mrefu. "Toa."

Nikatoa. Walihitajika wachezaji sita na wakajitokeza watano. Wengine walitaka kutazama kwanza wajue kama ni uchawi. Kiti cha sita kilikaliwa na bibi mmoja ambaye tangu asubuhi alikuwa kimya karibu na mlango, na ambaye kwenye mchezo wa Changamoto hata kadi hakushika. Alisema miguu inamuuma na kiti kile kina mgongo. Nilimwamkia, nikamweleza sheria taratibu, kama ninavyowaelezea wazee, kwa sauti kubwa na maneno machache. Alinisikiliza kwa uvumilivu mkubwa.

Nimecheza mchezo ule na walimu, na wanafunzi wa chuo, na mchungaji mmoja aliyeniomba nisiseme. Sijawahi kuona mtu akiucheza kama yule bibi. Aliazima panga lake kwa kila mtu, hata wasioomba. "Chukua, mwanangu, jirani hanyimwi panga." Mwenzake akiona kadi yake imekauka, yeye ndiye wa kwanza kusema pole. Msimu wa tatu nusu ya mlima ulikuwa umekufa, watu wanapiga kelele, wanashutumiana, waliokuwa watazamaji wamesimama juu ya magunia ili waone. Msimu wa nne mlima wote ukaisha. Tukafunua kadi. Joka lilikuwa kwa bibi tangu mwanzo, kwenye mashina matatu, na alikuwa hajang'oa hata moja.

Wakaangua kicheko. Nami nilicheka. Nilikuwa natafuta kalamu niandike jinsi alivyofanya.

Yule mrefu hakucheka. Alikuwa jirani wa bibi kwenye ubao. Nilikuja kujua baada ya dakika moja kwamba alikuwa jirani yake kwelikweli, mpaka kwa mpaka.

"Hivyo ndivyo ulivyotufanyia," alisema.

Mchezo tuliucheza kwa Kiswahili, kwa kuwa mradi ulikuwa wa Kiswahili. Maneno hayo aliyasema kwa Kihaya, na hapo nikajua hatuchezi tena.

"Mwaka mzima bibi shamba anakuja kwako," aliendelea. "Mwaka mzima unamwambia kesho. Upande wangu wa chini wote umekwisha. Watoto wangu wanakula ugali. Ugali, asubuhi na jioni, kama wafungwa. Nimekusalimu kila siku, na wewe unaitikia, na kule nyuma unayo mashina magonjwa!"

Mimi, mtaalamu, nilianza kukusanya dadu. Hakuna sheria niliyoiandika ya hali kama ile. Kwenye riwaya zangu, mtu akifichuliwa mbele ya baraza radi hupiga, au malkia huruka. Pale mvua iliendelea tu na mtu mmoja alikohoa. Nilifikiria jinsi nitakavyomweleza mratibu kwamba nimeleta vita kijijini kwa boksi la sabuni.

Bibi alizipanga kadi zake tatu zilizokauka, moja kando ya nyingine, akaziweka sawa kwa ncha ya kidole.

"Mashina yale matatu yako juu ya watu wangu," alisema. "Wanangu wawili wako pale, na baba yao. Tulipanda ili pasikae peupe. Huyu msichana alikuja na jembe na karatasi, akasema ng'oa na mizizi yake yote, chimba shimo, fukia. Nichimbe nini, waitu, wenzangu? Nifukie nani?"

Sisi huzika vibanjani. Kila mtu ndani ya ghala lile alijua, pamoja na mimi niliyekaa mwezi mzima nikichora vibanja sita na nyumba sita bila kaburi hata moja. Kwetu Buhembe bibi yangu amelala hatua kumi kutoka jikoni. Nilipotaka kuonyesha mlima wenye uhai niliweka joka, makaburi nikayasahau.

Yule bibi shamba alikuwa amesimama. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Bibi, mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza nina mashina mangapi magonjwa. Nikakwambia matatu. Hukuniuliza ni ya nani."

"Karatasi haina sehemu hiyo," msichana alisema, kisha nadhani alijisikia mwenyewe, kwa sababu akakaa.

Halafu bibi shamba akasema, kwa sauti ya mtu anayekiri kosa, kwamba si lazima kuchimba. Ipo njia nyingine: unakata shina linaloumwa peke yake, usawa wa ardhi, huigusi mizizi. Likichipua jingine lenye dalili unakata tena. Unavizia wiki baada ya wiki, na kila ukikata panga unalipitisha kwenye moto. Inachosha, inahitaji macho, na si kila shina hupona. Lakini hakuna anayechimbuliwa. Walifundishwa njia hiyo chuoni.

"Na kwa nini haimo kwenye kile kikaratasi chenu?" aliuliza mwenyekiti.

"Nafasi ilitosha picha moja," alisema msichana. "Wakachagua ya jembe."

Yule mrefu alikuwa amegeukia mlango, anaangalia mvua. Mgongo wake ulikuwa na hasira bado. Nilikuwa na hakika kwamba ataondoka. Alikaa hivyo mpaka mvua ikapungua, ndipo akasema bila kumtazama mtu:

"Panga nitaleta langu. Na moto nitaleta mimi."

Tukaenda wote, hata mwenyekiti na hotuba yake. Nyumba ya bibi haikuwa mbali. Makaburi yalikuwa upande wa juu wa kibanja, mawe tu na msalaba mmoja wa saruji, na katikati yake migomba mitatu mikubwa iliyonyauka, majani yamening'inia kama nguo zilizosahaulika kwenye kamba. Bibi alisimama mbele yake akawaeleza waliolala chini ya mawe, kwa Kihaya cha kawaida kabisa, kama mtu anayeaga kwenda dukani: kwamba watakata juu tu, kwamba hawatachimba, kwamba wasishtuke. Kisha akamwita yule mrefu kwa jina lake.

Alikata vizuri. Baada ya kila shina alilipitisha panga kwenye moto wa majani makavu ya mgomba na vijiti, akigeuza pande zote mbili, polepole, akihakikisha bibi anaona. Mimi nilikuwa nimeshika mwavuli wa mradi wenye maandishi ya kuhamasisha, nikiwakinga watu wasiohitaji kukingwa. Nilitamani kulia nikajizuia. Mwavuli wenyewe ulikuwa umeandikwa "Pamoja Tunaweza", na mtu hawezi kulia chini ya maneno kama hayo akabaki na heshima.

Gari likafika wakati shina la tatu linaanguka.

"Mbona mmetoka nje ya ratiba?" mratibu aliuliza, akiruka madimbwi.

"Tunafanya vitendo," alisema bibi shamba.

"Safi sana!" alisema mratibu, akatoa simu kwenye mojawapo ya ile mifuko, na ndiyo mara ya kwanza niliona ina kazi.

Picha hiyo ndiyo iliyokuja kuwa jalada la ripoti. Inamwonyesha mzee mrefu mwenye panga na bibi mwenye khanga kichwani, na chini yake pameandikwa kwamba ni wakulima wakitekeleza kwa furaha elimu waliyoipata kupitia mchezo wa Changamoto. Furaha yenyewe sijaiona, nami nina nakala mbili.

Nilimwandikia mratibu barua ndefu. Nilimweleza yaliyotokea, nikaomba joka lirudi, kunyamaza kurudi, na iongezwe kadi ya kaburi, mgomba usioweza kung'olewa, ili watu wazungumze la kufanya. Alinijibu siku hiyohiyo, kwa adabu, kwamba mawazo yangu ni mazuri sana na yatazingatiwa katika awamu ya pili. Awamu ya pili haikuwahi kuwepo. Maboksi ya Changamoto yalichapwa vizuri, yenye picha ya familia inayocheka shambani, na mara ya mwisho niliyaona kwenye stoo moja mjini, moja likiwa limezuia mlango usijifunge. Mimi nilipata cheti na fulana. Fulana ni ya mwanamume mnene.

Mchezo wenyewe, ule wa boksi la sabuni, sikurudi nao Bukoba. Nilipoanza kuufungasha siku ile mwenyekiti aliuliza naupeleka wapi. Baada ya wiki mbili simu ililia, na alikuwa yule mrefu, bila salamu ndefu.

"Jirani akikuomba panga kwenye mchezo, unaruhusiwa kukataa?"

"Sheria hazisemi," nikamjibu.

"Basi tumeshasema. Unakataa mpaka alipitishe motoni."

Nikaandika sheria hiyo. Wakapiga tena kuhusu kadi ya kaburi, ambayo walikuwa wameichora wenyewe kwenye karatasi ya unga wa ngano, na inavyofanya kazi kwao ni bora kuliko nilivyokuwa nimepanga. Nikatengeneza nakala nyingine kwa mikono yangu, kisha nyingine, kwa sababu vijiji vya jirani vilianza kuuliza. Siku hizi hiyo ndiyo sehemu kubwa ya kazi yangu, nikisaidiwa na mkasi. Riwaya ya tatu ilichelewa kwa sababu hiyo, na wasomaji watatu walilalamika.

Nilirudi kule msimu wa senene. Bibi alinitembeza kibanjani yeye mwenyewe, na hakunipamba habari. Shina moja lilikuwa limekufa kabisa. Mawili yalikuwa yametoa machipukizi, kijani, kufika kiunoni. "Nayavizia," alisema. Nikamuuliza kuhusu jirani yake. Akasema wanasalimiana, lakini hajaja kula kwake, na yeye hajamlaumu, kwa kuwa upande wa chini wa mtu haurudi kwa salamu.

Tukakaa barazani tukacheza, na wenzake wanne walioletwa na kelele za dadu. Alitumaliza vibaya. Wote walijua atakavyofanya na bado walichukua panga lake. Walipoondoka nilimuuliza jambo ambalo lilikuwa linanisumbua: siku ile ya ghala, alipokuwa akinyamaza na kutabasamu, je, alikusudia kwamba jirani yake ajue?

Alinitazama kama baba anavyoutazama mto usiokuwepo.

"Mwanangu, ulisema mwenyewe kwamba mwenye joka anaweza kunyamaza. Nilifuata sheria zako."

Kisha aliingia ndani akatoka na kikopo cha senene waliokaangwa. Zamani kwetu wanawake waliwakusanya na wanaume wakawala, utaratibu ambao wanaume waliuona kuwa mzuri sana na wakauita mila. Bibi alinipa kikopo mkononi, akafunga vidole vyangu juu yake, akasema nisimgawie mtu, hasa yule wa mifuko. Nikapanda gari la abiria la saa nane nikakaa dirishani. Senene walikuwa na chumvi ya kutosha na wamekaushwa vizuri, na niliwamaliza kabla hatujafika Kemondo.